Mteja Aje Saa Tisa

Kwenye ile barabara ya vumbi inayopanda kutoka mtaa wa mabanda wa Kipsongo kuelekea shule ya msingi, nyumba tano zimeuzwa tangu Januari. Tano! Moja iliuzwa kwa simu, mnunuzi akiwa Qatar, hajaiona hata kupitia dirishani. Watu wa Lodwar wananunua, walimu wanaostaafu wananunua, vijana wa pesa za mtandaoni wananunua. Kitale siku hizi ukitundika kibao asubuhi, jioni unakiondoa. Isipokuwa kwenye nyumba ya marehemu Mzee Mukhwana, ile yenye lango la kijani na madirisha ya mbao. Kibao chake kimekaa mpaka jua limekula rangi na namba ya simu inasomeka nusu.

Mabroka wana sababu zao. Wengine wanasema ni bei. Wengine wanasema ni mtindo wa kizamani, korido ndefu kama ya zahanati, jikoni iko nje, sakafu nyekundu ya kupigwa deki kwa magoti. Wale waliochoma mafuta ya pikipiki kuleta wateja wakarudi mikono mitupu wanasema ina mapepo. Upuuzi mtupu! Zimeuzwa mbaya kuliko hiyo, na pepo hajaonekana. Nyumba haiuziki kwa sababu ya Nelima, na Nelima alikuwa na haki yake. Atakayebisha na abishe.

Nelima ni mtoto wa kwanza wa marehemu. Ana miaka arobaini na sita, anauza uji na mandazi kwa mafundi wa gereji, na anaishi humo na binti yake Joy anayesoma chuo cha ufundi hapo mjini. Ana ndugu wawili wa kiume. Hillary yuko Bungoma, ofisa wa serikali, mtu wa tai na kitambi. Wabwile, kitinda mimba, anauza vitunguu kwa gunia soko la Chwele. Nyumba walikuwa wanaiuza wao wawili, lakini ufunguo walimwachia yeye, kwa sababu ndiye aliyekuwepo. Hapo ndipo walipokosea.

"Mama Joy, niko na mteja moto kabisa," Ngige, broka, alimpigia simu asubuhi moja ya Mei. "Nikuje naye saa nne?"

"Saa nne niko sokoni. Kuja saa tisa."

"Saa tisa si kunanyesha?"

"Kwani mteja wako ni chumvi?"

Hakuwa sokoni. Alikuwa amekaa kwenye kigoda uani anachambua maharagwe, jua zuri linawaka, na nyumba kwa mwanga ule ilipendeza kiasi. Lakini Kitale mvua ina saa zake. Kuanzia Aprili, ikifika saa nane wingu linasimama upande wa mlima Elgon, na saa tisa linamwagika. Nelima alilijua hilo tangu utotoni. Kwa hiyo wateja wote wa Ngige, na wa mabroka wengine wote, walionyeshwa nyumba saa tisa.

Mteja alikuwa mwalimu mmoja, Kipkemei, amekuja na mkewe. Nelima aliwakaribisha sebuleni, akawamiminia chai. Mvua ikaanza, na tone la kwanza likamwangukia mke wa mwalimu begani.

"Sogea hapa, mama," Nelima alisema kwa upole. "Hapo huwa inanyesha kidogo. Hapana, si hapo, hapo ndiyo hunyesha sana."

Kipkemei alitazama dari. Silingi bodi ilikuwa imevimba, ina madoa ya rangi ya chai.

"Hii mabati ni ya mwaka gani?"

"Themanini na tatu. Misumari imeoza. Fundi alipanda mwaka jana akashuka mbio. Alisema mbao ikivunjika na yeye akiwa juu, tusimuulize."

"Na stima iko sawa?"

"Iko. Lakini hiyo swichi usiguse na mkono iko na maji. Ilimrusha mama yangu mpaka kwa ukuta."

"Na maji?"

"Mfereji hutoa Jumanne na Ijumaa. Siku zingine tunateka kisima. Lakini shimo ya choo ilijaa tangu mwaka wa korona, na iko karibu karibu na kisima."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Mke wa mwalimu aliweka kikombe chini polepole, akapangusa midomo kwa leso.

Hakuna neno hata moja lililokuwa la uongo, na ndicho kilichomchoma Ngige roho. Mteja alipoondoka, Ngige alibaki langoni amelowa, ameshika kofia ya pikipiki.

"Mama Joy, unaniulia biashara. Si ungenyamaza tu?"

"Waliniuliza."

"Si ungedanganya kidogo, bana! Kila mtu anadanganya kidogo!"

"Mimi ni mtu wa kanisa, Ngige."

Alisema hivyo bila kupepesa macho, na kanisani alikuwa hajakanyaga tangu Pasaka ya mwaka uliopita.

*

Mnaosema ana roho mbaya, ngojeni niwaambie.

Mama yao alipigwa na kiharusi akalala miaka tisa kwenye chumba cha nyuma cha nyumba hiyo. Nelima ndiye aliyemgeuza, akamlisha, akamwosha, akafua mashuka kila alfajiri kabla ya kwenda kuuza uji. Hillary alikuwa anakuja Krismasi. Anasimama mlangoni na viatu vyake vya kung'aa, kitambaa puani, anasema, "Mayi, umeamkaje?" na kabla mgonjwa hajapata kuvuta neno, yeye ameshaangalia saa. Wabwile hakuja hata hiyo Krismasi. Alituma vitunguu.

Mama alipofariki walimzika nyumbani Kamukuywa. Siku ya tatu baada ya mazishi, siku ya kunyoa nywele, ukoo ulikaa kwenye mahema kama desturi ilivyo, kila jambo la marehemu liwekwe wazi. Hillary alisimama na kipaza sauti.

"Dada yetu Nelima amesaidia sana," alisema. "Sisi kama familia tumemnunulia blanketi."

Watu wakapiga makofi. Wengine walipiga vigelegele kabisa! Shangazi mmoja akamfinya Nelima kiunoni, apige magoti apokee. Akapiga magoti mbele ya watu mia mbili, akapokea blanketi la mistari lililokuwa bado kwenye nailoni.

"Ile nyumba ya Kitale," Hillary akaendelea, "sisi vijana wa mzee tutapanga."

Kisha nyuma ya hema, akitafuna kijiti cha meno, alimwambia, "Wewe kaa pale mpaka iuzwe. Ufungulie wateja, uwapikie chai. Tutakuona."

Tutakuona! Kila mtu anajua mtu wa namna ya Hillary akikwambia tutakuona, hutaona kitu. Nelima alijua nyumba ikiuzwa leo, kesho yeye na Joy wako Kipsongo kwenye chumba cha kupanga, na karo ya Joy itoke kwenye uji. Sheria hakuijua. Alidhani kweli nyumba ya baba ni ya wanaume. Alichokuwa nacho ni mdomo wake na mvua ya saa tisa, basi akavitumia.

*

Bei ilianza milioni sita na nusu. Ikashuka ikawa sita. Mwezi wa sita ikawa milioni tano na laki mbili, na Hillary akaja mwenyewe kutoka Bungoma kuonyesha nyumba, kwa sababu alikuwa amechoka kusikia mabroka wakilalamika. Alikuja asubuhi, jua likiwa limewaka, na wateja wawili, mume na mke wenye duka la dawa.

"Wewe kaa jikoni," alimwambia Nelima mbele ya wageni. "Ukitakiwa utaitwa."

"Sawa," akasema Nelima.

Alikwenda jikoni, akakaa. Nyinyi niambieni, mwanamke gani ananunua nyumba bila kuingia jikoni? Haikupita dakika kumi mke yule akachungulia.

"Karibu, dada," Nelima alisema. "Pita, lakini ukanyage huku upande wa ukuta. Huko katikati mchwa wamekula chini."

"Mchwa?"

"Ndio. Wako na chumba cha kulala pia. Wamemaliza frem moja ya mlango kabisa, hiyo utaona ni rangi tu imebaki. Ukisukuma na kidole inaingia."

Mke yule akaenda akasukuma na kidole. Kikaingia.

Wageni walipokwisha kuondoka, Hillary alirudi jikoni macho mekundu. Joy alikuwa mlangoni anamenya viazi, akasikia yote.

"Unataka nini, Nelima? Unataka nini kwangu?"

"Sitaki kitu."

"Unakula bure, unalala bure, kodi hulipi! Harafu unanichongea kwa watu kama mchawi!" Akikasirika Hillary huwa Mbukusu kamili, ile lugha ya ofisini inampotea. "Unajua niko na deni ngapi? Unajua ile duka nimeanzisha Chwele ya vifaa vya ujenzi inanikula namna gani?"

"Pole."

"Sitaki pole yako! Nikipata mteja mwingine na ufungue mdomo, nakutoa hapa na polisi. Wewe na huyu msichana yako."

Nelima aliendelea kukoroga sufuria. Alimchukia siku hiyo chuki ya kweli, ile ya kumtakia mtu aibu mbele za watu, na hakumwomba Mungu amwondolee.

*

Halafu akaja Abdikarim.

Abdikarim ana maduka mawili ya nguo karibu na msikiti, mtu mpole, mwembamba, anazungumza kana kwamba kuna mtoto amelala. Ngige alimleta saa tisa, kama desturi, na mvua ikamwagika, kama desturi. Lakini huyu alivaa koti la mvua na buti za mpira. Hakuingia hata ndani. Alizunguka ua, anahesabu hatua kutoka ukuta mpaka lango, anahesabu tena kwa upande.

Nelima alimfuata na mwavuli.

"Mabati imeoza yote," alianza.

"Haina shida, mama."

"Shimo ya choo imejaa."

"Itafukiwa."

"Kuna mchwa. Waya za stima ni za zamani, zinaweza kuchoma mtu."

Abdikarim alisimama, akamgeukia kwa heshima.

"Mama yangu, mimi sitaki nyumba. Nyumba naangusha. Nataka ploti. Naweka fleti ghorofa nne."

Nelima alishikwa na butwaa. Miezi mitano alikuwa amepigana kwa ubovu wa nyumba, na huyu alikuwa anaufurahia, kwa sababu nyumba mbovu bei yake ni ndogo na kuta zake zinaanguka haraka. Alimkaribisha chai, na Abdikarim akanywa vikombe viwili akaisifu. Hakukuwa na namna ya kumchukia.

Jioni hiyo hiyo Hillary alikubali milioni tano. Abdikarim akampa arubuni ya laki tano mkononi, waliandikiana karatasi, na mambo mengine yakapelekwa kwa wakili. Nelima alikaa kwenye chumba cha nyuma alichofia mama yake, akalia kwa hasira mpaka kichwa kikauma. Joy alimletea maji.

"Tutaenda wapi, mama?"

"Sijui, Joy."

*

Siku tisa baadaye Hillary alipiga simu. Sauti ilikuwa tamu.

"Dada, kesho saa tatu kuja kwa wakili wa Abdikarim. Uweke sahihi mahali. Ni kitu ya kawaida tu, kwa sababu ndiye unakaa ndani. Beba kitambulisho."

Nelima alikwenda na Joy. Ofisi ilikuwa ghorofani juu ya duka la viatu. Hillary alikuwa amevaa suti. Wabwile alikuwa pembeni, amekunja kofia mkononi, haangalii mtu. Abdikarim aliinuka akamwachia Nelima kiti.

Wakili Shamira alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, miwani puani, faili mbele yake. Alichukua kitambulisho akakisoma. Kitambulisho cha Nelima bado kina jina la mume waliyeachana naye zamani, Mbugua, maana kubadilisha jina ni foleni na pesa, na nani ana muda huo.

"Nelima Mbugua," wakili alisoma. "Wewe ndiye mfanyakazi wa nyumba?"

Nelima hakuelewa. "Mimi ndiye nakaa pale."

"Sawa. Soma hapa, halafu utie sahihi chini."

Miwani Nelima hana. Alimpa Joy karatasi, na Joy akasoma kwa sauti, kila neno likizidi kuwa zito kuliko lililotangulia.

"Mimi Nelima Mbugua, niliyekuwa nimeajiriwa na marehemu kama mtunza mgonjwa na nyumba, nathibitisha kwamba nimelipwa mshahara wangu wote, na sina dai lolote juu ya nyumba hii..." Joy akashusha karatasi. Akamtazama mjomba wake. "Mjomba, ameajiriwa?"

Wakili hakulitilia maanani hilo neno mjomba, maana kila mtu Kenya ni mjomba wa mtu. Hillary alikuwa anatazama dirisha.

Ndivyo ilivyokuwa. Walipokwenda kwa chifu kuchukua barua ya kuonyesha nani warithi, Hillary alisema wako wawili tu. Chifu yule alikuwa mgeni, aliandika alichoambiwa. Na kwa kuwa majirani wangesema kuna mwanamke ndani ya nyumba, Hillary akamtafutia kazi. Mtoto wa kwanza wa Mzee Mukhwana, aliyebebwa mgongoni na mama huyo huyo, kwenye makaratasi ya mahakama alikuwa mboch, mfanyakazi wa ndani!

Nelima hakulia, wala hakupiga kelele. Hasira ilimpanda ikamfikia kichwani, na ilipofika huko akili ikamkaa sawa kuliko siku zote za maisha yake.

"Wakili," alisema, "hapa imeandikwa nimelipwa."

"Ndiyo."

"Sijalipwa."

Hillary aligeuka kutoka dirishani. "Nelima, weka sahihi."

"Nitawekaje na sijalipwa? Hata shilingi moja. Miaka tisa."

"Basi hawezi kutia sahihi," wakili akasema. "Na mteja wangu hanunui mahali penye dai. Bwana Hillary, mlimlipa au hamkumlipa?"

"Haya ni mambo ya kuongea nyumbani," Hillary akacheka kidogo. "Madam, si tuendelee tu..."

"Alipwe," Abdikarim akasema kwa ile sauti yake ya chini. "Kama amefanya kazi, alipwe. Mimi sitaki kujenga juu ya machozi ya mtu."

"Ulikuwa unafanya kazi gani, mama?" wakili akauliza, kalamu mkononi.

Nelima akamwambia. Kuosha mgonjwa, kumgeuza kila saa mbili asitoke vidonda, kulisha, kufua, kupika, kukesha.

"Siku ya kupumzika?"

"Hakuna."

"Likizo? Krismasi?"

"Krismasi ndiyo kazi ilikuwa mingi. Wageni wa Bungoma walikuwa wanakuja."

Wabwile alikohoa. Wakili alivuta kikokotoo, akabonyeza, akabonyeza tena.

"Hata tukihesabu kiwango cha chini kabisa cha mshahara, miaka tisa inapita milioni moja."

"Milioni!" Hillary aliruka kwenye kiti. Mshipa wa paji la uso ulimtoka. Pesa ndiyo inamkoroga Hillary akili, na siku hiyo ilimkoroga vizuri. "Milioni moja! Ati nini? Tangu lini mtu analipa dada yake mshahara ya kuosha mama yake?"

Chini barabarani muuza njugu alikuwa anapiga mluzi.

Wakili aliweka kikokotoo chini. Akafungua faili, akapekua, akatoa karatasi yenye muhuri.

"Bwana Hillary. Hiki ni kiapo chako. Umeapa mahakamani kwamba marehemu waliacha watoto wawili, wewe na Wabwile. Sasa huyu ni dada yako au ni mfanyakazi?"

"Ni... madam, sisi Wabukusu huita kila mtu dada. Ni heshima tu."

Nelima aligeuza kiti, akamkabili ana kwa ana.

"Mimi ni nani yako, Hillary? Sema. Wakili ameshika kalamu."

Hillary alipiga hesabu. Akisema mfanyakazi, ni milioni na zaidi. Akisema dada, ameapa uongo, na theluthi ya nyumba imeondoka. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kola ya shati la suti. Mtu mzima, ofisa, mwenye watu kumi chini yake kazini, alikaa pale anameza mate kama mtoto aliyekutwa na mkono kwenye sufuria. Nelima alimtazama na akasikia utamu, utamu kabisa, na mimi simlaumu.

"Nangoja," alisema.

"Ni dada yetu," Wabwile akasema kutoka pembeni, sauti imekatika. "Ndiye wa kwanza. Ndiye alinibeba. Hillary, mimi nilikwambia! Nilikwambia hii maneno itatugeuka!"

"Sikusikia Hillary," Nelima akasema.

"Ni dada yangu," Hillary akasema, akiangalia viatu vyake.

"Wa nini?"

"Wa tumbo moja."

"Andika hiyo, wakili. Andika ya tumbo moja."

Wakili akaandika. Abdikarim akasimama, akafunga koti.

"Bwana Hillary, mimi nimetoka kwa hii kitu. Laki tano yangu unanirudishia leo?"

Laki tano ilikuwa imekwisha kuingia kwenye deni la duka la Chwele siku ileile ya kwanza.

*

Wiki mbili baadaye ndugu wale wawili walikuja Kitale. Walikuja kwa bodaboda kutoka stendi, wamelowa chapachapa, kwa maana gari la Hillary lilikuwa limeegeshwa kwa dalali linatafutiwa mnunuzi. Nelima aliwafungulia. Joy akawaletea taulo.

Kesi ya urithi ilikuwa imefunguliwa upya, na safari hii majina yalikuwa matatu. Hakuna cha kuuzwa bila sahihi tatu. Hillary alikuwa amekuja na maneno ameyapanga, na aliyasema akiwa amesimama, kwa sababu kila kiti alichojaribu kilikuwa kimelowa.

"Dada, tumekosa. Tumekaa na Wabwile tumeona. Theluthi yako utapata, yote, kwa mkono yako mwenyewe. Abdikarim bado anataka. Milioni moja laki sita na kitu, dada. Unajenga Kamukuywa, unasomesha Joy, unaacha hii maneno ya uji."

Joy alikuwa amesimama na taulo mkononi. Aligeuka haraka kumtazama mama yake, macho yamefunguka.

"Sitii sahihi," Nelima akasema.

"Dada, sikia kwanza..."

"Nimesikia. Sitii."

"Na mimi?" Wabwile alikuwa karibu kulia. "Mimi nilikukosea nini?"

"Wewe ulinyamaza, Wabwile. Ulinyamaza miaka tisa, ukanyamaza kwa chifu, ukanyamaza kwa korti. Ulifungua mdomo siku pesa imekataa kutoka."

Hillary alianza kupiga magoti, kweli kabisa, na suruali yake ya ofisini.

"Usipige magoti hapo," Nelima akamwambia. "Hapo ndiyo hunyesha sana."

"Nelima, nitafungwa! Abdikarim ameandikisha polisi. Na hiyo ya kiapo wakili amepeleka kwa jaji. Nikifungwa kazi imeenda. Watoto yangu watakula nini? Wewe ni mtu gani?"

"Usijali," Nelima akasema. "Nitakuja kukuona Krismasi."

Waliondoka mvua ikiwa haijakatika. Alisimama dirishani akawatazama wakitumbukia kwenye madimbwi mpaka wakapotea kwenye kona ya shule, na hakukosa kuiona hata hatua moja.

*

Hillary hakufungwa. Gari liliuzwa, duka la Chwele likafungwa, Abdikarim akalipwa pesa zake akanunua ploti iliyo ng'ambo ya barabara, na kuta za fleti zake sasa zimefika kwenye linta, juu ya madirisha. Kile kiapo cha uongo bado kinazungushwa mahakamani, na Hillary kila mwezi anapanda Kitale kusikia kimeahirishwa. Ngige hakanyagi tena kwa lango la kijani.

Joy alingoja mpaka Agosti. Alikuwa amekwisha kuzungumza na fundi, amepata bei ya mabati thelathini ya kuanzia, na mwalimu wake wa chuo alikubali wanafunzi waje kufanya kazi bure kama sehemu ya mafunzo. Alikuja na hesabu imeandikwa vizuri kwenye daftari, akaiweka mezani mbele ya mama yake.

"Si tumeshinda?" alisema. "Hakuna mtu atatutoa. Basi tutengeneze. Tuanze na chumba yako na yangu. Pesa ya chama chenu cha kuweka akiba iko, si uko nayo?"

"Iko."

"Niite fundi?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Nikipigilia bati tatu hapo juu, mbili ni zao," Nelima akasema. "Moja ya Hillary, moja ya Wabwile. Ndivyo korti ilivyoandika. Mimi siwezi kumwezekea Hillary."

"Mama, Mjomba Hillary halali hapa! Sisi ndio tunalala hapa!"

"Najua."

"Wakisikia nyumba imekaa vizuri watafanya nini? Haiuzwi bila wewe."

"Watafurahi. Watajua mali yao inatunzwa. Nimewatunzia miaka tisa, Joy. Hata msumari sitaweka."

Joy alifunga daftari. Alikuwa na kikohozi tangu Julai, kile cha kulala kwenye unyevunyevu, na kilimshika hapo akakohoa mpaka akashika meza.

"Na mimi?" akauliza alipoweza. "Hiyo theluthi yako, mimi niko hapo?"

Nelima alimwambia ngoja msimu wa mvua upite. Joy hakungoja. Jumamosi alifunga godoro kwenye bodaboda, akahamia Kipsongo kwa msichana wanayesoma naye, chumba kimoja cha kupanga chenye mabati mapya. Kipsongo, kule kule ambako mama yake alikuwa amepigana miezi yote hiyo wasifike. Nelima alimshikia godoro likifungwa, akamwambia dereva akaze kamba, akampa Joy mandazi kwenye karatasi. Joy alisema asante, mama. Hakusema atarudi lini.

Nelima alirudi ndani, akakaa kwenye upande mkavu wa sebule, akalia sana. Alilia mpaka shingo ya gauni ikalowa. Alikuwa na pesa za chama elfu tisini ndani ya sanduku, na namba ya fundi ilikuwa kwenye daftari hapo mezani kwa mwandiko wa binti yake. Alipomaliza kulia alilichukua daftari, akakata ile karatasi, akawashia jiko.